Bwawa dogo la starehe: nani amekagua utoro wake?

Watu wakifika kwenye bwawa la kupumzikia, wote hutazama upande mmoja: majini. Huko ndiko kuna samaki, mitumbwi, bata na mahali pazuri pa kupiga picha. Mhandisi wa mabwawa akifika hapohapo huyapa maji mgongo. Anashuka upande wa pili wa tuta, kwenye nyasi, anapapasa udongo kuona kama umelowa. Kisha anauliza swali ambalo mwenyeji mara nyingi hana jibu lake: mvua kubwa ikija usiku, maji ya ziada yanatokea wapi?

Leo tuzungumzie swali hilo, na tulielekeze kwa mabwawa madogo ya watu binafsi: ya klabu, ya hoteli, ya chuo, ya shamba lenye banda la nyama choma pembeni. Bwawa kubwa la umeme lina wahandisi wa kudumu na vipimo vinavyosomwa kila siku. Bwawa la starehe mara nyingi lina mlinzi mmoja na mtu wa kukata nyasi. Hatari yake inakuja kwa njia ya kipekee, kwa sababu kila kinachofanywa ili lipendeze zaidi kinaweza kumega kipande kidogo cha usalama wake, na hakuna anayekusudia hivyo.

Viungo vitatu vya bwawa

Bwawa la udongo lina sehemu tatu ambazo lazima uzijue.

Ya kwanza ni tuta, yaani ukuta wa udongo ulioshindiliwa. Kazi yake ni kusimama na kuzuia.

Ya pili ni utoro, ile njia pana pembeni mwa tuta ambayo maji ya ziada hupitia bwawa likijaa. Utoro uko chini kidogo kuliko kilele cha tuta, ili maji yakipanda yapite hapo kabla hayajafika juu ya udongo.

Ya tatu ni bomba la chini lenye vali. Hili hukuwezesha kupunguza maji unapotaka, kwa mfano kabla ya msimu wa mvua, au tuta likiwa na hitilafu inayohitaji kurekebishwa.

Sasa, tuta lenyewe hubeba mzigo mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kwa kila mita moja ya urefu wa tuta, maji yenye kina cha mita 10 husukuma kwa nguvu sawa na uzito wa tani 50 hivi. Kina kikiwa mita 20, nguvu haiwi mara mbili. Inakuwa mara nne: tani 200. Na jambo linaloshangaza wanafunzi wengi ni kwamba nguvu hiyo inategemea kina tu, haijali ziwa lina urefu gani. Bwawa la mita 100 na bwawa la kilomita 3 husukuma tuta sawasawa kama kina ni kimoja. Urefu wa ziwa unahesabika siku tuta linapobomoka, kwa sababu ndio unaoamua maji kiasi gani yatashuka bondeni.

Tuta la udongo likijengwa vizuri linaweza kubeba mzigo huo kwa miaka mingi. Kitu ambacho haliwezi kuvumilia ni maji kupita juu yake. Maji yakianza kuteremka upande wa nje, yanakata udongo kama kisu kinavyokata keki. Mkato mdogo unapitisha maji mengi zaidi, na maji mengi zaidi yanapanua mkato. Kuanzia hapo hakuna wa kuyazuia. Ndiyo maana utoro ni uhai wa bwawa la udongo.

South Fork: ziwa la matajiri

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Pennsylvania, Marekani. Bwawa la South Fork lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1850, likijengwa na serikali ya jimbo ili kupeleka maji kwenye mfereji wa mashua za mizigo. Lilikuwa tuta la udongo na mawe lenye kimo cha mita 22 na urefu wa karibu mita 280. Lilikuwa na utoro, na chini kabisa lilikuwa na mabomba 5 ya chuma ya kutolea maji.

Reli ikafika, mfereji ukakosa kazi. Mwaka 1862 sehemu ya tuta ilibomoka, lakini maji yalikuwa machache, madhara yakawa madogo. Mwaka 1875 bwawa lilinunuliwa na mbunge mmoja, John Reilly, ambaye aliyang'oa yale mabomba ya chuma na kuyauza kama vyuma chakavu. Kisha mwaka 1879 akalinunua Benjamin Ruff, mwanzilishi wa klabu ya uvuvi na uwindaji ya matajiri wa Pittsburgh. Andrew Carnegie na Henry Clay Frick walikuwa miongoni mwa wanachama. Walitaka mahali pa kupumzika mbali na moshi wa viwanda vyao, wakapata ziwa la zaidi ya kilomita 3.

Hebu tuangalie walichokifanya, kitu kimoja kimoja:

1. Walilijaza pengo la 1862 kwa udongo, mawe, matawi ya miti, nyasi kavu na samadi. Mhandisi mwenye ujuzi wa mabwawa hakusimamia kazi hiyo. Lengo lilikuwa ziwa lirudi haraka.
2. Hawakurudisha mabomba ya chini. Kwa nini uhangaike na mabomba, ikiwa unataka ziwa libaki limejaa kwa ajili ya mashua?
3. Walishusha kilele cha tuta kwa futi 2 hadi 3 ili barabara ya juu iwe pana na magari ya farasi yapishane bila shida.
4. Waliweka nyavu za chuma kwenye utoro ili samaki wao wa gharama wasitoroke na maji.

Ukisoma orodha hiyo huoni mtu mwovu. Unaona watu wanaotaka ziwa lililojaa, barabara nzuri na samaki wengi. Kila hatua ina sababu inayoeleweka. Lakini ziunganishe: bwawa sasa lina kilele kifupi, utoro wenye kizuizi, kiraka dhaifu katikati, na hakuna namna ya kulipunguza maji.

Hesabu ndogo ya utoro

Mtu anaweza kusema, futi 3 kwenye tuta la mita 22 ni nini? Hapa ndipo hesabu inapotusaidia.

Kiasi cha maji kinachopita kwenye utoro kwa sekunde kinategemea upana wake na kina cha maji yanayopita juu ya sakafu yake. Upana una uhusiano wa moja kwa moja: ukipunguza upana kwa nusu, maji yanapungua kwa nusu. Kina kina adhabu kali zaidi, kwa sababu maji yanapokuwa mafupi yanakwenda pia polepole. Kihesabu, kiasi kinafuata kina kilichopandishwa kwa kipeo cha 1.5.

Tuseme, kwa mfano tu, kutoka sakafu ya utoro hadi kilele cha tuta kuna mita 3. Ukishusha kilele kwa mita 1, umebakiwa na mita 2. Mtu atadhani bado ana theluthi mbili ya uwezo wa zamani. Hapana. Theluthi mbili kwa kipeo cha 1.5 ni karibu 0.54. Yaani mita moja tu imekunyang'anya karibu nusu ya uwezo wa utoro kutoa maji kabla hayajapita juu ya tuta.

Kisha weka wavu wa samaki. Siku ya kawaida maji yanapita bila tatizo. Siku ya mafuriko mto unaleta majani, matawi na magogo, vyote vinakwama kwenye wavu. Kwa hiyo utoro unaziba siku ileile unayouhitaji.

Onyo lilitolewa

Mtu asidhani hakuna aliyeona. Mwaka 1880 kampuni ya chuma ya Cambria, iliyokuwa bondeni katika mji wa Johnstown, ilimtuma John Fulton akakague bwawa. Fulton aliandika kasoro kubwa mbili: hakuna njia ya kupunguza maji ili tuta lirekebishwe, na kiraka kinavuja. Mkuu wa kampuni, Daniel Morrell, alijitolea kampuni yake ichangie gharama za marekebisho. Ruff alikataa na kumhakikishia kwamba watu wa bondeni hawakuwa katika hatari yoyote. Morrell alifariki 1885, Ruff akafariki 1887. Bwawa likabaki vilevile.

Mwisho wa Mei 1889 mvua kubwa sana ilinyesha eneo lile. Asubuhi ya tarehe 31 maji yalikuwa yakipanda kwa kasi. Rais wa klabu, Elias Unger, aliwakusanya vibarua wachimbe njia ya pili ya maji, wainue kilele kwa udongo, na waondoe takataka kwenye nyavu. Mhandisi kijana, John Parke, alipanda farasi hadi kijiji cha South Fork ili onyo litumwe kwa telegrafu. Huko Johnstown onyo halikuchukuliwa kwa uzito, kwani habari za bwawa kutaka kubomoka zilikuwa zimesikika mvua baada ya mvua, na halikuwa limebomoka.

Mchana, kwenye saa 9 hivi, maji yaliyokuwa yakipita juu ya tuta yalilibomoa. Takriban mita za ujazo milioni 15, yaani tani milioni 15, ziliteremka bondeni. Mji wa Johnstown ulikuwa umbali wa kilomita 22 hivi. Maji yaliufikia ndani ya saa moja, yakiwa yamebeba nyumba, miti, mabehewa na nyaya. Watu zaidi ya 2,200 walikufa.

Uchunguzi wa chama cha wahandisi cha Marekani ulichapishwa 1891, ukasema mabadiliko ya klabu hayakuwa chanzo, kwa kuwa maji yangepita juu ya tuta hata hivyo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh kilichoko Johnstown walirudia hesabu kwa vipimo vya kisasa vya ardhi na kulipinga hitimisho hilo: kushusha kilele na kupuuza njia za asili za kutolea maji kulikuwa kumepunguza sana uwezo wa bwawa kuhimili mafuriko yale. Imechukua miaka 125 kwa hesabu hiyo kuwekwa sawa.

"Lakini hilo lilikuwa kubwa"

Sawa, tuchukue dogo. Kelly Barnes, karibu na Toccoa, jimbo la Georgia. Lilianza kama bwawa la kuzalisha umeme kidogo, likaongezwa kimo kwa udongo mara kwa mara, likawa mali ya chuo cha Biblia kilichokuwa bondeni. Umeme uliacha kuzalishwa 1957. Tangu hapo likabaki ziwa la kupumzikia tu. Kimo chake hakikufika mita 12.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba 1977, baada ya mvua, lilibomoka kwenye saa 7 na nusu usiku. Maji yaliingia moja kwa moja kwenye eneo la chuo, watu wakiwa wamelala. Walikufa watu 39.

Wachunguzi hawakuweza kutaja sababu moja tu. Walichoona kuwa na uwezekano mkubwa ni mteremko mkali wa upande wa nje kuporomoka, pengine pamoja na maji kupenya ndani ya tuta. Na hapa tunakutana na njia ya pili ambayo bwawa hufa, isiyo na kelele kama ile ya kwanza.

Kila tuta la udongo huvuja kidogo. Hilo peke yake si tatizo. Tatizo ni maji yanapoanza kutoka na udongo. Chembe moja ikitoka, nafasi yake inapitisha maji zaidi, nayo yanachukua chembe nyingine. Kishimo huanzia upande wa nje na kujichimba kurudi nyuma kuelekea ziwani, kama mtaro wa panya. Juu, nyasi zimekatwa vizuri, watu wanapiga picha. Ndani, tuta linaliwa.

Ndiyo maana mti mzuri wa kivuli juu ya tuta ni adui. Mizizi yake inapita ndani ya udongo. Mti ukifa, mizizi inaoza na kuacha mirija. Ukiangushwa na upepo, unang'oka na bonge zima la tuta. Mashimo ya wanyama wanaochimba nayo hufupisha safari ya maji. Na sehemu inayopendwa zaidi na uvujaji ni pembeni mwa bomba la zamani lililopita ndani ya tuta, kwa sababu udongo unaozunguka bomba ni vigumu kuushindilia vizuri.

Baada ya Toccoa, Rais Jimmy Carter aliagiza mabwawa yasiyo ya serikali kuu yaliyo juu ya makazi ya watu yakaguliwe. Kati ya 1978 na 1981 yalikaguliwa karibu mabwawa 9,000. Takriban theluthi moja yalionekana si salama. Soma tena: theluthi moja. Na mengi yalikuwa yamesimama miaka kadhaa bila mtu kushtuka.

Maswali mawili yasichanganywe

Wataalamu hutenganisha hali ya bwawa na hatari ya bwawa. Hali ni uzima wa tuta, utoro na bomba. Hatari ni nani anaishi chini yake. Bwawa zima kabisa lenye kijiji chini yake bado liko kwenye daraja la juu la hatari, maana yake likaguliwe mara nyingi zaidi. Na daraja hilo hupanda bila bwawa kuguswa: inatosha watu kujenga nyumba bondeni. Mwenye bwawa anaweza asibadilishe kitu kwa miaka 20, huku hatari ikiongezeka kila bati jipya linapoezekwa huko chini.

Hapa Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda mbali kuelewa hilo. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel huko Solai, kaunti ya Nakuru, lilibomoka baada ya mvua nzito. Lilikuwa bwawa la shamba la binafsi, si la starehe, lakini mpangilio ni uleule: tuta la udongo juu, familia zimelala chini. Walikufa watu zaidi ya 40, wakiwemo watoto.

Sheria nayo ina la kusema. Wanafunzi wa sheria wa Kenya na Tanzania wanaijua kesi ya Uingereza ya Rylands dhidi ya Fletcher ya mwaka 1868. Mtu alijenga bwawa kwenye ardhi yake, maji yakapenya na kufurika mgodi wa jirani. Mahakama ilisema: ukikusanya kwenye ardhi yako kitu kinachoweza kudhuru kikitoroka, unakihifadhi kwa dhamana yako mwenyewe, hata kama hukuzembea. Waathirika wa Johnstown hawakufanikiwa kuilipisha klabu mahakamani. Katika miaka iliyofuata, mahakama za majimbo mengi ya Marekani zilianza kuukubali msimamo wa Rylands.

Nusu saa inatosha kuanza

Ikiwa wewe ni mwanachama wa klabu, mfanyakazi wa hoteli, mwanafunzi, au unaishi chini ya bwawa la mtu, haya unaweza kuyaangalia bila kifaa chochote:

- Utoro. Uko wapi? Una wavu, uzio, kichaka, au mtu amejenga kibanda ndani yake? Kama hakuna anayeweza kukuonyesha utoro, hilo lenyewe ni jibu.
- Kilele. Tazama kwa jicho moja kutoka mwisho mmoja wa tuta. Pamebonyea katikati? Maji yakipanda, yatapita hapo kwanza.
- Upande wa nje. Tafuta sehemu iliyolowa wakati wa kiangazi, majani ya kijani peke yake, udongo ulioteleza, nyufa.
- Maji yanayovuja. Chukua kwenye chupa safi. Yakiwa meupe na kiasi hakibadiliki, andika na uendelee kuyafuatilia. Yakiwa ya tope, au yameongezeka ghafla, usisubiri kesho: watu wa bondeni waondoke kwanza, simu kwa wataalamu zifuate.
- Vali ya bomba la chini. Inafunguka? Mara ya mwisho ilifunguliwa lini? Vali iliyoshika kutu ni sawa na kutokuwa nayo.
- Miti na mashimo juu ya tuta.
- Namba za simu. Nani atampigia nani saa 8 usiku? Watu wa bondeni wanajua wakimbilie wapi?

Ukaguzi huu hauchukui nafasi ya mhandisi. Kazi yake ni kukupa sababu ya kumwita. Na ukipata wasiwasi, kuna mahali pa kuupeleka: Tanzania ni bodi ya maji ya bonde lako, Kenya ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Bwawa kuwa kwenye ardhi ya mtu hakulifanyi kuwa jambo la siri.

Jambo la mwisho kwa wenye mabwawa. Kabla hujapanua barabara juu ya tuta, hujaweka wavu wa samaki, hujapanda mti wa kivuli au hujaongeza maji ili mashua zielee vizuri, uliza swali moja: hili ninaloongeza linapunguza nini kwenye utoro na kwenye kilele? Kama jibu ni "sijui", mwite anayejua kabla ya fundi kuanza kuchimba. Gharama ya siku moja ya mhandisi inalipika. Watu wanaolala chini ya tuta hawakuulizwa kama wanataka ziwa.